Bei Iliyolala: Mwongozo kwa Anayeanza Utafiti wa Hisa na Fedha za Kampuni

Fungua faili la bei za kila siku za kampuni ndogo iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa, Dar es Salaam au Nairobi, halafu usiguse fomula yoyote. Shuka nalo kwa macho, mstari kwa mstari. Hutafika mbali kabla hujakutana na kitu kama hiki: 300, 300, 300, siku kumi na moja mfululizo, kisha 315. Ukiiachia kompyuta, itakuambia kwamba hisa hii ilitulia tuli karibu nusu mwezi, kisha siku moja ikapanda kwa asilimia 5. Sasa sogea safu ya pembeni, penye idadi ya hisa zilizouzwa. Sifuri, sifuri, sifuri. Hakuna aliyenunua, hakuna aliyeuza. Ile 300 ni bei ya mtu wa mwisho aliyefanya biashara wiki mbili nyuma, na imekuwa ikinakiliwa kila jioni kwa kuwa hakuna nyingine ya kuandika. Bei ilikuwa imelala.

Nimekufikisha hapo kwanza kwa sababu tasnifu nyingi za uzamili nilizopata kuzisoma zimeangukia hapo, wala si kwenye hesabu ngumu. Mwandishi amejifunza modeli, ameiendesha bila kosa, ameandika kurasa arobaini za majadiliano, na chini ya yote hayo kuna bei ambazo hakuna binadamu aliyezilipa. Huniuma, maana mtu huyo ametoa jasho la mwaka mzima. Kwa hiyo haya nakuandikia wewe unayeanza, uwe mwanafunzi wa shahada ya pili, ofisa mpya katika kampuni ya udalali wa hisa, au mhasibu anayetaka kujua kama anayoyasikia kuhusu hisa yana ushahidi.

Swali kwanza

Fani hii ni nyumba moja yenye vyumba viwili. Chumba cha kwanza kinauliza kwa nini mali fulani, iwe hisa, hatifungani au kiwanja, ina bei hii iliyo nayo leo. Cha pili kinauliza kampuni inapata wapi fedha zake, inazitumiaje, na nani ananufaika. Chagua chumba kabla hujaanza kukusanya data, kwa sababu kila kimoja kina mitego yake.

Nadharia ya chumba cha kwanza huwatisha watu kwa alama zake za Kigiriki, lakini mkulima yeyote anaielewa. Gunia la mahindi likikufikia wakati wa mavuno, unashukuru na kuliweka pembeni. Gunia lilelile likikufikia mwaka wa njaa, ghala likiwa tupu na watoto wakikutazama, thamani yake ni nyingine kabisa. Basi mali inayolipa wakati wa njaa watu huigombania, bei yake hupanda, na wako radhi iwape pato dogo kwa wastani. Mali inayolipa vizuri pale tu ambapo kila mtu ameshiba, itabidi iuzwe rahisi ndipo apatikane wa kuishika. William Sharpe mwaka 1964 na John Lintner mwaka 1965 waliligeuza wazo la namna hii kuwa hesabu: hatari inayolipwa ni ile ya hisa kuyumba pamoja na soko zima, na kipimo chake ndicho kinachoitwa beta. Mwaka 1985 Rajnish Mehra na Edward Prescott walipima data ya Marekani ya kuanzia 1889 hadi 1978, wakakuta hisa ziliipita dhamana ya muda mfupi kwa takriban asilimia 6 kwa mwaka, pengo kubwa mno kuelezwa na woga wa njaa wa kiasi kinachoingia akilini. Mjadala huo haujafungwa hadi leo.

Swali lako liandike kwa sentensi moja, tena liwe linaweza kujibiwa “hapana”. “Mambo yanayoathiri bei za hisa Tanzania” si swali. Hakuna jibu linaloweza kulikataa. Jaribu hivi: kampuni ikitangaza kuongeza gawio, je, hisa yake huipita fahirisi katika siku 20 zinazofuata, au bei inakuwa imeshapanda kabla ya tangazo? Hapo una tarehe, una kipimo, na unaweza kukosea. Ukishaweza kukosea, umeanza utafiti.

Data, na hapa tukae

Mwaka 1960, Chuo Kikuu cha Chicago kilianzisha kituo cha kukusanya bei za hisa, kikisaidiwa na fedha za kampuni ya Merrill Lynch. James Lorie na Lawrence Fisher walitaka kujibu swali dogo tu: mtu aliyenunua hisa za kawaida kwenye soko la New York tangu 1926 na kuzishikilia, alipata kiasi gani? Iliwachukua miaka kulijibu, na muda mwingi uliishia katika kusahihisha bei zilizoandikwa vibaya, kutafuta gawio lililosahaulika, na kufuatilia kampuni zilizobadili majina. Mtafiti wa Marekani siku hizi ananunua data hiyo ikiwa imeshasafishwa. Wewe utasafisha mwenyewe, na kazi hiyo ndiyo sehemu kubwa ya utafiti wako. Usiione kama adhabu.

Anza na gawio. Chukua mfano wa kubuni: siku ya mwisho ya kununua hisa pamoja na haki ya gawio, bei ni shilingi 600. Gawio ni shilingi 40. Kesho yake hisa inauzwa 565. Ukitazama bei peke yake, mwenye hisa amepoteza shilingi 35, karibu asilimia 6. Ukweli ni kwamba ana hisa ya 565 na ana ahadi ya 40, jumla 605. Amepata shilingi 5, chini kidogo ya asilimia 1. Pato la hisa ni mabadiliko ya bei pamoja na gawio, kila mara. Katika masoko yetu, ambako kampuni kadhaa zinapendwa kwa gawio kuliko kwa kupanda bei, ukilisahau umeacha nje nusu ya habari. Tarehe unayohitaji ni ile ambayo mnunuzi mpya anaanza kukosa haki ya gawio. Hiyo huja kabla kidogo ya daftari la wanahisa kufungwa, na ni tofauti na siku hundi zinapotumwa. Itafute kwenye matangazo ya soko, usiikisie.

Kisha kugawanywa kwa hisa. Hisa moja ya 1,500 ikigeuzwa tano, kesho yake bei ni 300, na jedwali lako litalia kwamba mwenye hisa amefilisika kwa asilimia 80. Hajapoteza kitu. Hisa za bonasi na matoleo ya hisa kwa wanahisa waliopo huleta kosa la aina hiyohiyo, ila kwa kiasi kidogo kisichogutua jicho, na kwa sababu hiyo ndizo hatari zaidi. Panga mapato yote ya siku kutoka kubwa hadi dogo, uyasome ishirini ya juu na ishirini ya chini moja baada ya jingine ukiwa na matangazo ya kampuni mkononi. Kazi ya mchana mmoja, na kila mara nimeifanya sijatoka mikono mitupu.

Sasa wafu. Ukichukua orodha ya kampuni zilizopo sokoni leo na kurudi nyuma miaka kumi na tano, umechagua walionusurika. Kampuni ya sukari ya Mumias ilikuwa Nairobi, na ARM Cement pia; hisa za kampuni zote mbili zilisimamishwa, ya pili mwaka 2018 na ya kwanza mwaka 2019. Mtu aliyezinunua alipoteza fedha halisi. Utafiti unaoziacha nje kwa kuwa “data haikukamilika” unamwambia msomaji kwamba hisa hulipa kuliko zinavyolipa. Hata kile kituo cha Chicago kiliteleza hapa. Mwaka 1997 Tyler Shumway alionyesha kwamba kampuni zilizoondolewa sokoni kwa kufanya vibaya hazikuwa zimewekewa pato lao la mwisho, ambalo kwa wastani lilikuwa hasara ya kama asilimia 30. Miaka miwili baadaye, yeye na Vincent Warther waliijaza hasara hiyo kwa kampuni za Nasdaq, na ile faida ya ziada ya kampuni ndogo, iliyosifiwa tangu utafiti wa Rolf Banz wa 1981, ikatoweka kwenye soko hilo. Anzia basi na orodha ya mwaka wa mwanzo wa kipindi chako, uifuate kila kampuni hadi ilipoishia, iwe hai au imekufa.

Turudi kwenye bei iliyolala, maana madhara yake hayaonekani kwa jicho. Beta inapima jinsi hisa inavyokwenda pamoja na soko. Soko likipanda Jumatatu na hisa yako isiuzwe hadi Alhamisi, data itasema Jumatatu hisa haikujali. Habari ilipokelewa, haikuandikwa tu. Beta yako itatoka ndogo kuliko ilivyo, nawe utaandika kwa ujasiri kwamba kampuni ndogo hazina hatari. Myron Scholes na Joseph Williams mwaka 1977, na Elroy Dimson mwaka 1979, walitoa dawa: pima hisa dhidi ya soko la leo, la siku zilizotangulia na la siku zinazofuata, kisha ujumlishe beta hizo. Dawa inasaidia, lakini kwa masoko yetu mimi hupendelea iliyo rahisi zaidi, yaani kuacha bei za siku na kutumia za wiki, au za mwezi. Na katika ukurasa wa kwanza wa matokeo weka jedwali dogo: kila kampuni, na asilimia ya siku ambazo hisa yake iliuzwa kweli. Kampuni iliyouzwa siku 30 kati ya 250 isikae bila maelezo kwenye mstari mmoja na iliyouzwa kila siku.

Itazame pia fahirisi yenyewe. Fahirisi ya hisa zote ya Nairobi hupimwa kwa thamani ya kampuni sokoni, na Safaricom ndiyo kubwa kuliko zote huko. Ukipima beta ya Safaricom dhidi ya fahirisi hiyo, kwa sehemu kubwa unaipima dhidi ya kivuli chake. Tengeneza fahirisi yako isiyo na kampuni unayoichunguza.

Mawili ya haraka. Riba ya dhamana ya Serikali ya siku 91 hutangazwa kwa mwaka. Ikiwa ni asilimia 12, kwa mwezi ni karibu asilimia 1. Nimeona watu wakitoa 12 nzima kwenye pato la mwezi mmoja, kisha wakashangaa kwamba kila hisa ilileta hasara. Na hesabu za kampuni za mwaka unaoishia Desemba hazijulikani Januari mosi. Eugene Fama na Kenneth French, katika kazi yao ya 1992, walitumia hesabu za mwaka uliopita kuchambua mapato ya kuanzia Julai, wakiacha miezi sita ili wawe na uhakika kwamba mwekezaji alikuwa ameshaziona. Fanya hivyohivyo, au tumia tarehe halisi zilipochapishwa.

Tukio na tarehe yake

Njia ninayompendekezea mtu mwenye data chache ni uchunguzi wa tukio. Ilipata umbo lake mwaka 1969, Fama, Fisher, Michael Jensen na Richard Roll walipochunguza migawanyo 940 ya hisa iliyofanyika kati ya 1927 na 1959. Unakadiria pato ambalo hisa ingepata kama tukio lisingetokea, unalitoa kwenye pato lililopatikana, unajumlisha tofauti kwa siku chache. Hesabu yenyewe ni ya shule ya sekondari. Ugumu uko kwenye tarehe.

Chukua sheria ya Kenya ya mwaka 2016 iliyoweka kikomo cha riba ya mikopo kuwa asilimia 4 juu ya riba ya Benki Kuu. Ilianza kutumika tarehe 14 Septemba. Mwanafunzi asiye makini ataiweka hiyo kuwa siku ya tukio, na atakuta hakuna kilichotokea. Lakini Rais alikuwa ameitia saini tarehe 24 Agosti, na hapo ndipo hisa za benki zilipoporomoka, kwa sababu wengi hawakutarajia kwamba angekubali. Nyuma zaidi, mwishoni mwa Julai, Bunge lilikuwa limeupitisha muswada. Kuna tarehe tatu hapo, na inayokufaa ni ile ambayo watu walijua jambo ambalo jana yake hawakulijua. Kaa na magazeti ya wiki hizo uyasome kama mtu anayepeleleza kesi.

Kisa hicho kina funzo jingine. Soko la Nairobi haliruhusu bei ya hisa kushuka zaidi ya asilimia 10 kwa siku katika hali ya kawaida. Benki iliyostahili kushuka asilimia 18 itashuka 10 leo na iliyobaki kesho. Ukipima siku moja umepima kanuni ya soko. Fungua dirisha la siku tatu au tano. Halafu benki zote zilipigwa na sheria moja siku moja, kwa hiyo usizihesabu kama mashahidi wanaojitegemea. Kwa kiasi kikubwa ni shahidi mmoja anayesema kwa vinywa vingi. Programu ya takwimu isipoelezwa hivyo itakupa uhakika usio wako.

Kampuni na mikopo yake

Chumba cha pili mlango wake ni Franco Modigliani na Merton Miller, 1958. Walisema kwamba katika dunia isiyo na kodi, isiyo na gharama za kufilisika, na ambamo wote wanajua mambo sawa, kuchanganya mkopo na hisa kwa namna hii au ile hakubadili thamani ya kampuni. Wanafunzi huipinga haraka kwamba dunia haiko hivyo. Isome kama ramani ya kuchimba: kila sharti walilolitaja ni mahali ambapo uamuzi wa fedha unaweza kuwa na maana. Jensen na William Meckling walichimba kwenye mvutano kati ya meneja na mwenye mali, 1976. Stewart Myers na Nicholas Majluf, 1984, walichimba pale ambapo meneja anajua asichokijua mnunuzi wa hisa.

Mada inayorudiwa kuliko zote kwenye vyuo vyetu ni “athari za mikopo kwa faida ya kampuni”. Mwanafunzi anakuta kwamba wenye mikopo mingi wana faida ndogo, anahitimisha kwamba mikopo inaharibu faida, na anazishauri kampuni zipunguze kukopa. Geuza sentensi uione upya: mwenye faida kubwa hakukopa kwa kuwa hakuhitaji. Myers alieleza mpangilio huo mwaka 1984, kwamba kampuni hutumia kwanza fedha zake za ndani, kisha mkopo, na hisa mpya mwisho kabisa. Takwimu zilezile, maana iliyopinduka. Hata ukiweka vigezo kumi vya kudhibiti, swali la nani alimtangulia mwenzake linabaki palepale.

Unachohitaji ni kitu kilichobadili mikopo bila kutoka kwenye faida ya kampuni yenyewe. Ile sheria ya riba ni mfano mzuri. Tuseme, kwa kubuni, ukuaji wa mikopo kwa kampuni za Kenya ulishuka kutoka 14 hadi 6, na katika nchi jirani isiyo na sheria hiyo ukashuka kutoka 13 hadi 11. Kushuka kwa Kenya ni 8, lakini 2 kati ya hizo zilimpata hata jirani. Inayobaki mezani ni 6. Kabla ya kusherehekea, rudi nyuma miaka miwili. Kenya ilikuwa imeshatikisika: Imperial Bank ilifungwa Oktoba 2015, Chase Bank Aprili 2016, na wakopeshaji walikuwa wameanza kubana mkono. Jirani naye hakuwa shwari, kwani Oktoba 2016 Benki Kuu ya Uganda iliichukua Crane Bank. Mistari ya nchi mbili ikiwa haikwenda sambamba kabla ya sheria, huna haki ya kudai ingekwenda sambamba baadaye. Ichore, iweke kwenye tasnifu hata kama inakuumiza. Mara nyingi kulinganisha ndani ya nchi moja, kampuni zinazotegemea benki sana na zisizotegemea, hutoa jibu safi zaidi.

Umejaribu mara ngapi?

Ukijaribu vigezo 20 visivyo na maana yoyote kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 5, uwezekano wa angalau kimoja kuonekana “kina maana” ni karibu asilimia 64. Campbell Harvey, Yan Liu na Heqing Zhu, mwaka 2016, walihesabu vigezo 316 ambavyo watafiti walikuwa wamedai vinaeleza mapato ya hisa, wakashauri kigezo kipya kisipokelewe hadi kipimo chake cha t kipite 3, badala ya ile 2 tuliyozoea. Mwaka huohuo David McLean na Jeffrey Pontiff waliangalia vigezo 97 vilivyokwisha kuchapishwa: nje ya kipindi cha data ya awali, faida yake ilipungua kwa asilimia 26, na baada ya kuchapishwa ikawa imepungua kwa asilimia 58. Sehemu ilikuwa bahati tangu mwanzo, na sehemu ililiwa na wawekezaji waliosoma makala.

Kwenye soko lenye kampuni kadhaa tu, bahati ina nguvu kuliko huko. Kwa hiyo weka daftari, la karatasi ikiwezekana. Kabla ya kuendesha regresheni, andika tarehe, unachotarajia na kwa nini. Baada ya kuiendesha, andika kilichotoka, hata kama ni aibu. Ukibadili kipindi, ukitoa kampuni, ukihama kutoka siku kwenda wiki, andika. Mwisho hesabu mistari, na idadi hiyo uitaje kwenye sura ya mbinu.

Faili la bei ulilopokea usiliguse kamwe; fanya masahihisho yote kwenye nakala, kila sahihisho na sababu yake pembeni: gawio hili lilitoka tangazo la tarehe fulani, mgawanyo huu wa hisa ulianza siku ile, bei hizi kumi na moja hazikuwa na mnunuzi. Ambatisha mwishoni orodha ya kampuni zote, siku ya kwanza na ya mwisho kila moja ilipouzwa. Ili siku ya utetezi, mtahini akinyoosha kidole kwenye ile 315 na kukuuliza imetoka wapi, umfungulie ukurasa.